Kusikiliza, Kunyoosha Mwili au Kucheza: Ulinganisho wa Tiba za Muziki na Mwendo kwa Mwenye Hitilafu ya Mapigo ya Moyo

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali baada ya kugundulika kuwa na hitilafu ya mapigo ya moyo hupewa dawa, tarehe ya kliniki na, mara nyingi, onyo moja lisilo na maelezo: asijichoshe. Onyo hilo likichukuliwa kama lilivyo humfanya mtu akae kitako miezi na miezi, na kukaa huko ndiko kunakompunguzia nguvu, kumwongezea uzito na kumpandishia presha, mambo ambayo yote huchochea hitilafu ile ile aliyokuwa akiikimbia. Huduma za utengamao wa moyo zipo ili kumtoa hapo, na katika huduma hizo muziki na mwendo vimepata nafasi ambayo wagonjwa wengi huifurahia kuliko vidonge.

Ninalinganisha hapa njia nne: kusikiliza muziki ukiwa umetulia, mazoezi ya polepole yanayokwenda na pumzi, kama yoga na tai chi, kutembea au kucheza kwa kufuata mdundo, na mazoezi makali ya vipindi. Hiyo ya nne si lazima iwe na muziki, lakini nimeiingiza kwa sababu ina ushahidi mzito na hizo nyingine zinafaa kupimwa mbele yake. Msimamo wangu niuseme mapema: muziki peke yake haurekebishi mapigo, mwendo ndio unaoubadilisha moyo, na kazi kubwa ya muziki ni kumtuliza mgonjwa na kumrudisha mazoezini wiki inayofuata. Anayetaka kuchagua ajue kwanza ni lipi kati ya hayo analolitafuta.

Kwanza ujue una hitilafu gani

Hitilafu inayowapata watu wengi zaidi ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Katika hali hiyo vyumba vya juu hupokea ishara za umeme zaidi ya 350 kwa dakika, haviwezi kubana sawasawa, na vyumba vya chini hupokea sehemu tu ya ishara hizo bila mpangilio wowote. Wapo wenye mapigo ya polepole mno waliowekewa betri ya moyo, wapo waliowekewa kifaa cha kushtua moyo kwa sababu waliwahi kupata mapigo ya hatari kutoka vyumba vya chini, na wapo, wachache lakini muhimu kuwataja, waliozaliwa na kasoro ya umeme wa moyo.

Kundi hili la mwisho ndilo linaloonyesha kwa nini ushauri wa jumla haufai. Katika ugonjwa wa urithi ambao kipimo cha umeme wa moyo huonyesha muda uitwao QT ukiwa mrefu kupita kawaida, aina ya kwanza huchochewa na mazoezi, hasa kuogelea, ilhali aina ya pili huchochewa na sauti za ghafla, kama vile kengele ya saa au mlio wa simu kwa mtu aliyelala. Upo pia ugonjwa mwingine wa urithi ambao mapigo ya hatari huja mtu anapokimbia au anapopandwa na hisia kali, ingawa kipimo alichofanyiwa akiwa ametulia hakionyeshi kasoro. Kwa watu hawa, muziki wenye kishindo kinachozuka katikati ya ukimya, au ngoma inayopandisha watu mori, si burudani ya kujaribu bila daktari wa moyo kusema neno. Yanayofuata hayawahusu mpaka wapate kibali hicho.

Kusikiliza muziki ukiwa umetulia

Tofauti moja huwapita wengi. Tiba ya muziki, kwa maana kamili, huendeshwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, ambaye huzungumza na mgonjwa, huchagua naye nyimbo, huimba au hupiga naye, na hufuatilia anavyoitikia. Kumpa mgonjwa hedifoni na nyimbo zilizorekodiwa ni jambo jingine, na kwa kweli sehemu kubwa ya utafiti imefanywa juu ya hili la pili. Katika miji yetu mingi wataalamu wa aina ile ya kwanza ni adimu, kwa hiyo msomaji akisikia hospitali inatoa "tiba ya muziki" aulize anayeiendesha ni nani.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyohuishwa mwaka 2013 yalikusanya majaribio 26 yenye washiriki 1,369, wote wakiwa wagonjwa wa mishipa ya damu ya moyo. Yalionyesha kwamba kusikiliza muziki kunaweza kupunguza wasiwasi, na kwa kiasi kidogo kushusha namba ya juu ya presha, kasi ya mapigo na kasi ya kupumua, na kwamba wasiwasi ulipungua zaidi pale mgonjwa alipopewa nafasi ya kujichagulia muziki. Tukumbuke kwamba hao hawakuwa wagonjwa wa hitilafu ya mapigo, na kwamba kupungua kwa mapigo machache kwa dakika si sawa na kurejesha mpangilio uliovurugika.

Utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake wa Italia na Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006, unafafanua zaidi. Watu 24 wenye afya, nusu yao wakiwa wanamuziki, walisikilizishwa muziki wa aina mbalimbali. Muziki wa kasi uliongeza kupumua, presha na mapigo, na kilichotawala kilikuwa kasi ya muziki zaidi kuliko aina yake au mapenzi ya msikilizaji. Jambo lililowashangaza ni kwamba kimya cha dakika 2 kilichowekwa katikati ya vipande kiliwatuliza washiriki kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza kusikiliza. Kwangu mimi hilo ni ushauri wa vitendo usiogharimu chochote: baada ya wimbo mmoja au miwili, zima, kaa kimya dakika 2, ndipo uendelee.

Hapa kuna dhana inayosambazwa sana ambayo inafaa kukanushwa, nayo ni kwamba moyo wenye mpapatiko utafuata mdundo wa wimbo mpaka utulie. Hautafuata. Kasi ya vyumba vya chini wakati wa mpapatiko huamuliwa na ishara ngapi kati ya zile mamia zinazopita kwenye kituo cha katikati cha umeme wa moyo, na wimbo hauna njia ya kuzipanga. Unachoweza kufanya ni kupunguza msisimko wa neva unaokifanya kituo hicho kipitishe ishara nyingi, na hivyo mgonjwa akahisi moyo umepunguza fujo ingawa mpapatiko bado upo. Nafuu hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa, hasa usiku, hasa katika chumba cha kusubiria upasuaji, lakini isimfanye mtu aache dawa.

Kwa mwenye betri ya moyo au kifaa cha kushtua, hatari iko kwenye hedifoni zaidi kuliko kwenye wimbo wenyewe. Spika ndogo za masikioni huwa na sumaku kali, na watafiti wa Boston waliojaribu hedifoni kwa wagonjwa 60 wenye vifaa hivyo waliona mwingiliano kwa wagonjwa 14, pale hedifoni zilipowekwa kifuani juu kabisa ya kifaa. Zikiwa masikioni hazina neno, na zikiondolewa kifuani kifaa kwa kawaida hurudi katika kazi yake. Basi usizitundike shingoni zikaning'inia kifuani, usiziweke mfuko wa shati, na usimruhusu mjukuu aliyevaa zake akulalie upande wenye kifaa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri mwaka 2021 kwamba simu na saa zenye sumaku kali ziwekwe umbali wa inchi 6, yaani kama sentimita 15, kutoka kwenye kifaa.

Mwendo wa polepole pamoja na pumzi

Yoga ina utafiti unaowahusu moja kwa moja wenye mpapatiko wa kuja na kuondoka. Katika Chuo Kikuu cha Kansas, wagonjwa 49 walifuatiliwa kwa miezi 3 bila yoga, kisha wakafanya yoga kwa miezi 3 mingine, vipindi viwili vya saa moja kila wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vipindi vya mpapatiko vilivyohisiwa na mgonjwa vilipungua kutoka wastani wa 3.8 hadi 2.1, na wasiwasi na huzuni vilipungua pia. Udhaifu wake uko wazi: hapakuwa na kundi jingine la kulinganishwa nalo kwa wakati mmoja, na mtu anayekutana na mwalimu na wenzake mara mbili kwa wiki hupata faraja ambayo si ya yoga peke yake.

Utaratibu wake, hata hivyo, unaeleweka. Bernardi huyo huyo alionyesha mwaka 2001 kwamba kusali rozari kwa Kilatini, sawa na kukariri maneno ya yoga, hupunguza kupumua hadi karibu mara 6 kwa dakika, na kwamba kasi hiyo huimarisha uwezo wa mwili wa kurekebisha presha na mapigo. Ninaitaja kwa sababu inamwondolea mgonjwa hofu kwamba njia hii inamtaka aingie katika imani ya watu wengine. Kinachofanya kazi ni pumzi ndefu yenye mpangilio. Anayevuta uradi taratibu msikitini au anayeimba kwaya ya pole kanisani anaikaribia bila kukusudia.

Tai chi haina ushahidi wa kiwango hicho kwa mapigo. Utafiti wa Boston wa mwaka 2011 uliohusisha wagonjwa 100 wenye moyo kushindwa kufanya kazi uliona maisha yao yakiwa bora na kujiamini kwao katika kufanya mazoezi kukiongezeka, lakini umbali waliotembea kwa dakika 6 haukubadilika kuliko wa wenzao. Hilo ndilo jibu la anayeuliza kama mwendo wa polepole unatosha. Kwa utulivu, unatosha. Kwa stamina, hautoshi.

Mipaka yake ni michache lakini inafaa kuzingatiwa. Aliyewekewa betri karibuni kwa kawaida huambiwa asiinue kiwiko cha upande ule kupita bega kwa wiki 4 hadi 6, ili nyaya zisichomoke, na mikao mingi ya yoga humtaka mtu afanye hasa hilo. Mikao ya kichwa chini na ile ya kubana pumzi kwa nguvu iachwe. Mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda afanyie karibu na ukuta au kiti kizito, kwa sababu kuanguka kwake si sawa na kuanguka kwa mtu mwingine.

Kutembea na kucheza kwa kufuata mdundo

Hapa muziki na mwendo hukutana, na hapa ndipo ninapowapeleka wagonjwa wengi ambao hali yao imetulia. Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Ancona, Italia, na kuchapishwa mwaka 2008: wagonjwa 130 wenye moyo kushindwa kufanya kazi waligawanywa, baadhi wakafanya mazoezi ya kawaida ya baiskeli na mashine ya kukimbilia, baadhi wakacheza waltz, dansi ya Kizungu ya wawili wawili, ya polepole na ya kasi kwa kupokezana, dakika 21 kila kipindi, mara 3 kwa wiki kwa wiki 8, na wengine hawakufanya lolote. Uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa asilimia 16 kwa waliofanya mazoezi ya kawaida na asilimia 18 kwa waliocheza. Waliocheza walikuwa na furaha zaidi. Sidhani kama waltz ina siri yoyote; siri ni kwamba watu walikuja.

Huko Toronto, wagonjwa 34 wa utengamao wa moyo walishirikishwa katika jaribio la kulinganisha kutembea bila muziki na kutembea kwa nyimbo zilizochaguliwa ziendane na kasi ya hatua zao, na waliopewa nyimbo zenye mdundo uliotiwa nguvu walifanya mazoezi kwa dakika nyingi zaidi kila wiki. Hicho ndicho mgonjwa wa mpapatiko anachopaswa kushika: mdundo uendane na hatua, usiendane na moyo. Moyo wake hauna mdundo wa kufuatwa, na hata saa ya mkononi humdanganya, kwa kuwa baadhi ya mapigo huwa dhaifu mno kufika kiganjani. Atumie vipimo viwili visivyo na mashine. Cha kwanza ni kuzungumza: akiweza kusema sentensi nzima lakini asiweze kuimba, yuko mahali pake. Cha pili ni hatua, kwa sababu hatua 100 kwa dakika kwa watu wazima wengi ni mwendo wa nguvu ya kati.

Kupata wimbo wa kasi hiyo ni kazi ya robo dakika. Tazama saa, hesabu midundo unayoigonga kwa mguu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 25, wimbo una midundo 100 kwa dakika. Panga nyimbo za nusu saa hivi: mbili za polepole za kupasha mwili, nne au tano za mwendo wenyewe, kisha mbili zinazoshuka. Hizo mbili za mwisho zisikatwe hata kama mvua imeanza kunyesha, kwa sababu mtu anaposimama ghafla damu hubaki miguuni, presha hushuka, huku homoni za msisimko zikiwa bado juu, na dakika hizo chache ni wakati ambao mapigo hupenda kuvurugika. Mwenye betri ya kawaida na mwenye mpapatiko wote huhitaji kupasha na kupoza kwa muda mrefu zaidi, dakika 5 hadi 10 kila upande.

Katika pwani yetu uchaguzi wa muziki hauna shida. Lelemama, yenye mwendo wa madaha na mikono inayopepea, inafaa kwa mwanamke anayeanza, mradi kidonda cha betri yake kimeshapona. Taarabu asilia ina sehemu ndefu za polepole zinazofaa kupoza. Kidumbaki na chakacha ni kasi nyingine kabisa, na hatari yake inatokana na shangwe ya harusini, ambapo hakuna anayepunguza mwendo kwa ajili ya shangazi mwenye moyo. Anayetaka kucheza huko acheze wimbo mmoja, akae nyimbo mbili, na asifanye hivyo kwa mara ya kwanza siku ya harusi.

Mwenye kifaa cha kushtua ana kikomo chenye namba, na anapaswa kukijua kabla ya kuvaa viatu. Kifaa hupangiwa kasi ambayo ikifikiwa huanza kushuku hatari, na mazoezi yanapaswa kubaki mapigo 10 hadi 20 chini ya kasi hiyo, la sivyo kinaweza kumshtua mtu ambaye kosa lake ni kucheza kwa bidii. Hofu ya mshtuko huo huwafunga wengi ndani. Jaribio la Denmark lililowahusisha wagonjwa 196 wenye vifaa hivyo lilichanganya mazoezi ya wiki 12 na mazungumzo na wauguzi kwa mwaka mzima, na waliopitia mpango huo waliongeza uwezo wa mwili na kujiona wenye afya bora. Kama kituo chako kinatoa mazoezi bila mazungumzo, dai na hayo.

Mazoezi makali ya vipindi

Kwa mpapatiko wenyewe, ushahidi mzito uko hapa. Huko Trondheim, Norway, wagonjwa 51 walifuatiliwa kwa kinasa mapigo kilichowekwa chini ya ngozi. Waliofanya vipindi vinne vya dakika 4 kwa asilimia 85 hadi 95 ya kasi ya juu ya moyo, mara 3 kwa wiki kwa wiki 12, walipunguza muda wa kuwa kwenye mpapatiko kutoka asilimia 8.1 hadi 4.8, ilhali wasiofanya walipanda kutoka 10.4 hadi 14.6. Huko Adelaide, Australia, mpango wa miezi 6 kwa wagonjwa 120 ulimalizika kwa asilimia 40 ya waliofanya mazoezi kukaa bila mpapatiko kufikia mwezi wa 12, dhidi ya asilimia 20 ya wenzao. Mazoezi ya Adelaide hayakuwa makali kama ya Trondheim. Yalipandishwa hatua kwa hatua hadi dakika 210 kwa wiki, na sehemu yake ilifanywa nyumbani. Njia ya Trondheim inahitaji kituo chenye wasimamizi na vifaa vya dharura, kwa hiyo kwa wasomaji wengi njia ya Adelaide ndiyo inayoigika, na mdundo wa hatua 100 unaingia humo vizuri.

Nani achague nini

Kabla ya yote, mgonjwa wa Afrika Mashariki aulize jambo ambalo vijitabu vya Ulaya hulipitia haraka: je, valvu zangu, yaani milango ya kupitisha damu ndani ya moyo, zikoje? Katika orodha ya kimataifa ya wagonjwa wa mpapatiko iliyochapishwa mwaka 2014, ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi ulikuwapo kwa asilimia 21.5 ya wagonjwa wa Afrika, dhidi ya asilimia 2.2 ya wa Marekani Kaskazini. Valvu iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto ikiwa imekuwa nyembamba, damu huhitaji muda kupita kati ya pigo na pigo, na mapigo yakienda mbio muda huo hukosekana, damu hurudi nyuma na mapafu hujaa maji. Mtu huyo, mwenye miaka 30 na sura ya afya, anaweza kudhurika kwa chakacha ambayo mzee wa miaka 70 mwenye mpapatiko usio na valvu mbovu angeimudu. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kitangulie. Mpaka valvu itibiwe, abaki na kusikiliza, kupumua na matembezi mafupi ya pole.

Mwenye mpapatiko wa kuja na kuondoka, valvu nzuri na dawa zilizotulia, aanze na kutembea kwa mdundo siku nyingi za wiki na aongeze yoga mara mbili ikiwa wasiwasi unamsumbua. Aliye kwenye mpapatiko wa kudumu asitarajie mpapatiko uondoke. Alenge pumzi na miguu, navyo huongezeka. Aliyetoka kuchomwa njia za umeme wa moyo, tiba inayofanywa kwa mirija inayopitishwa kwenye mshipa wa kinena, asubiri kidonda cha kinena kifunge, kisha afuate njia hiyo hiyo. Jaribio jingine la Denmark, la wagonjwa 210 wa aina hii, lilionyesha utengamao ukiwaongezea uwezo wa mwili bila kubadilisha hali yao ya akili kuliko wenzao. Asiyeweza kusimama, au aliyelazwa, asikilize.

Kizunguzungu, maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi kusikotulia baada ya kukaa, au kuzirai hata kwa sekunde chache, ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali bila kujali njia uliyochagua. Mshtuko mmoja wa kifaa kwa mtu anayejisikia vizuri ni wa kumpigia daktari simu. Miwili, au mmoja wenye dalili nyingine, ni dharura. Baada ya wiki 12 omba upimwe tena umbali unaotembea kwa dakika 6 na urudi na daftari la siku ulizohisi moyo ukivurugika. Umbali ukiwa umeongezeka lakini siku zile hazijapungua, mazoezi yamefanya sehemu yao, na kinachobaki kujadiliwa na daktari ni dozi, kuchomwa kwa njia za umeme, presha, uzito au usingizi wenye kukoroma na kukatika pumzi.